Logi Hazifiki Ghalani: Utatuzi wa Matatizo ya Mtandao wa Seva Binafsi na Ukusanyaji wa Logi Mahali Pamoja

Mwongozo huu unamhusu mtu anayeendesha seva zake mwenyewe katika sehemu zaidi ya moja, tuseme ofisi kuu, matawi mawili na seva ya kukodi iliyo nje ya nchi, na ambaye ameamua kwamba logi (kumbukumbu za matukio) za mashine zote zikusanywe mahali pamoja. Muundo ninaouzungumzia ni ule unaozoeleka. Kila mashine ina rsyslog, programu inayotuma na kupokea logi, na mashine zote zimeunganishwa kwa handaki la WireGuard, yaani mtandao binafsi uliosimbwa unaopita juu ya intaneti, lenye anwani za 10.8.0.0/24. Seva ya kukodi yenye anwani ya umma, ambayo ndani ya handaki ni 10.8.0.1, ndiyo lango. Mashine inayopokea na kuhifadhi logi, ambayo nitaiita ghala, iko ofisini na anwani yake ni 10.8.0.10. Anayehifadhi logi zake katika Loki au Elasticsearch badala ya faili za kawaida atakuta kwamba sehemu kubwa ya yaliyomo humu inamhusu pia, kwa sababu matatizo mengi hutokea kabla logi hazijaifikia programu ya kuzihifadhi.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba hitilafu zake hazipigi kelele. Tovuti ikizimika, wateja hupiga simu ndani ya dakika chache, lakini logi zikiacha kufika hakuna anayelalamika, na ghala lililonyamaza hufanana kabisa na ghala la mfumo usio na tatizo lolote. Mara nyingi pengo hugunduliwa siku ileile ambayo logi zinahitajika, kwa mfano baada ya mtu asiyeruhusiwa kuingia kwenye seva, na wakati huo hakuna cha kurekebisha. Kwa sababu hiyo nitasisitiza tangu mwanzo jambo moja: usibadilishe mpangilio wowote kabla hujajua logi inapotea katika hatua ipi. Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vingi, dalili ikawa ileile, na anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo hata akifanikiwa hatajua kipi kilichoponya.

Kwanza, tambua logi inaishia wapi

Mzigo uliotumwa kwa basi ukipotea, mwenye mzigo huuliza kituo kwa kituo hadi apate kile ambacho mzigo uliingia lakini haukutoka. Logi hutafutwa hivyohivyo. Anza kwenye mashine inayotuma, ukitumia amri hizi mbili moja baada ya nyingine:

```
logger -n 10.8.0.10 -P 514 -T "jaribio la moja kwa moja"
logger "jaribio kupitia rsyslog"
```

Amri ya kwanza hutuma ujumbe moja kwa moja hadi ghalani kwa TCP (njia inayofungua muunganisho kabla ya kutuma) bila kupitia rsyslog ya mashine hiyo, kwa hiyo hupima mtandao na mpokeaji peke yao. Amri ya pili hupita njia yote ambayo logi za kawaida hupita. Ujumbe wa kwanza ukifika na wa pili usifike, mtandao ni mzima na hitilafu iko katika rsyslog ya mtumaji. Yote miwili isipofika, acha kwanza faili za rsyslog na uende kwenye mtandao. Yote miwili ikifika ilhali logi za programu fulani hazionekani, tatizo ni la programu hiyo na namna inavyoandika logi zake, jambo nitakalolirudia nitakapoifikia Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena zilizotengwa.

Hatua inayofuata ni kutazama pakiti zenyewe. Endesha `tcpdump -ni wg0 port 514` (wg0 ni kiolesura cha handaki) kwenye mtumaji, kisha langoni, kisha ghalani, huku ukirudia jaribio. Langoni pakiti huingia na kutoka kupitia kiolesura kilekile cha wg0, hivyo kila pakiti inapaswa kuonekana mara mbili. Ikionekana mara moja tu, lango limeipokea na halikuipitisha, na sababu ya kawaida ni kwamba `net.ipv4.ip_forward` ina thamani ya 0 au kinga mtandao ya lango inazuia upitishaji.

Ghalani kuna tahadhari ambayo huwapotosha wengi. tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla kinga mtandao haijaamua kuipokea au kuitupa. Kuiona pakiti katika tcpdump hakuthibitishi kwamba rsyslog imeipata. Kunathibitisha tu kwamba imefika kwenye mashine. Ikiwa pakiti ya kuomba muunganisho inaonekana ikirudiwarudiwa bila jibu, kinga mtandao inaitupa kimyakimya. Likirudi jibu la kukataa papo hapo, kwa kawaida hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo.

Dalili: handaki halifunguki kabisa

Amri ya `wg show` ndiyo shahidi mkuu hapa. Kama takwimu za data iliyotumwa zinaongezeka na iliyopokelewa ikabaki sifuri, upande wa pili haujibu, na WireGuard kwa makusudi haimjibu yeyote asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo ufunguo uliokosewa, poti iliyozuiwa na seva iliyozimwa hutoa dalili moja. Hakikisha kwamba poti ya UDP (njia ya kutuma bila kufungua muunganisho kwanza), ambayo kwa mazoea ni 51820, imefunguliwa kwenye lango na pia kwenye ukurasa wa kinga mtandao wa kampuni inayokukodisha seva. Wengi hufungua sehemu moja na kuisahau nyingine.

Kama ulijaribu kuweka lango ofisini badala ya kukodi seva, tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma anawashirikisha wateja wengi anwani moja ya umma, na hakuna mpangilio wowote wa ruta yako utakaowezesha mtu wa nje kukufikia. Hali hii ni ya kawaida sana kwenye intaneti ya simu. Lazima muunganisho uanzie ndani kwenda nje, ndiyo maana ya kuwa na seva ya kukodi katikati, na kila mashine iliyo nyuma ya ruta ya namna hiyo iwekewe `PersistentKeepalive = 25` ili njia ya kurudi isifungwe pale ambapo hakuna data inayopita.

Ujumbe wa `Required key not available` unapotokea katika ping una maana moja tu: anwani unayoiita haimo katika AllowedIPs (orodha ya anwani zinazopitia kwake) ya mwenzi yeyote, yaani mashine yoyote ya upande wa pili wa handaki. Kwa mtumaji, AllowedIPs ya lango iwe 10.8.0.0/24 nzima, ukiandika 10.8.0.1/32 utalifikia lango na hutalifikia ghala lililo nyuma yake.

Dalili: tawi moja likipata muunganisho, jingine linapoteza

Hapa huhitaji kutafuta mbali. Ama matawi mawili yana ufunguo wa siri mmoja, jambo linalotokea mtu anaponakili kadi ya kumbukumbu ya mashine moja na kuitumia katika nyingine, ama langoni umewaandikia wenzi wawili AllowedIPs ileile. Katika hali ya kwanza lango hudhani kwamba mashine moja inahamahama na kuifuata kila inakosikika. Katika hali ya pili anwani hupewa mwenzi aliyeandikwa mwisho na kunyang'anywa wa kwanza. Tengeneza ufunguo mpya kwa kila mashine na langoni uandike anwani moja ya /32 kwa kila mwenzi.

Dalili: umeme ulikatika, ukarudi, na tawi halijaunganishwa tena

Nitakaa kidogo katika dalili hii, kwa sababu kwetu ni ya kila mara na chanzo chake hakionekani kwa urahisi.

Raspberry Pi 4 na zile zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Raspberry Pi 5 ina sehemu ya saa, lakini betri yake hununuliwa kando. Umeme unapokatika ghafla, mashine ya aina hii huamka ikiwa na muda uliohifadhiwa mara ya mwisho kwenye diski, ambao unaweza kuwa nyuma kwa saa kadhaa, kutegemea umeme ulikosekana kwa muda gani. WireGuard nayo, ili kuzuia mtu asirudie salamu ya zamani aliyoidaka njiani, huweka muda ndani ya kila salamu ya kufungua muunganisho, na upande wa pili hukumbuka muda mkubwa zaidi uliowahi kupokea kutoka kwa mwenzi huyo. Salamu yenye muda wa nyuma hutupwa. Kwa kuwa salamu hurudiwa takriban kila dakika 2 data inapopita, muda ambao lango linaukumbuka ni wa karibu sana na dakika umeme ulipokatika, na mashine iliyoamka na saa ya nyuma ya hapo hukataliwa bila neno lolote kuandikwa.

Kwa kawaida hali hiyo hujirekebisha mara saa inaposahihishwa kutoka intaneti. Hatari inakuja pale ambapo msimamizi, kwa nia njema, ameelekeza DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) au ulinganishaji wa saa upite ndani ya handaki. Hapo handaki linasubiri saa na saa inasubiri handaki, na hakuna kitakachotokea hadi mtu aende kwenye mashine hiyo mwenyewe. Tiba ni kuhakikisha kwamba chrony, programu inayolinganisha saa, inawasiliana na seva za muda nje ya handaki, kwamba jina la seva hizo linatafutwa kupitia DNS ya ruta ya hapo, na kwamba faili la chrony lina mstari wa `makestep 1 3`, unaoruhusu saa irukie muda sahihi katika masahihisho ya kwanza badala ya kusogea polepole. Kwa mashine iliyo mbali, ningenunua pia kifaa kidogo cha saa chenye betri, kwa mfano kinachotumia chipu ya DS3231. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda tawini.

Ikiwa tawi limekwama sasa hivi na huwezi kulifikia, kuzima na kuwasha wg0 upande wa lango hufuta muda unaokumbukwa, na salamu inayofuata itakubaliwa.

Kuna chanzo kingine chenye dalili hii. Ruta nyingi huchukua muda mrefu kuamka kuliko seva. Kama umeandika anwani ya lango kwa jina badala ya namba, wg-quick huenda ikajaribu kulitafuta jina hilo wakati hakuna intaneti, ikashindwa, kisha huduma ikasimama. Andika namba ya IP ya lango, ambayo kwa seva ya kukodi haibadiliki mara kwa mara.

Dalili: ujumbe mfupi unafika, mrefu haufiki

Jaribio la logger linafanikiwa, ping inafanikiwa, na bado logi za kweli zinakwama, hasa zile ndefu zinazotolewa na programu za Java zinapopata hitilafu. Ukiendesha `ss -tn dst 10.8.0.10` kwenye mtumaji, utaona safu ya Send-Q ikiwa na baiti zinazoongezeka na zisizopungua. Hii ni dalili ya ukubwa wa pakiti. WireGuard kwa kawaida huweka MTU (ukubwa wa juu kabisa wa pakiti, kwa baiti) ya 1420, ambayo inadhani njia ya nje inaweza kubeba 1500. Njia ya intaneti ya simu au ya PPPoE, ambayo MTU yake haizidi 1492, mara nyingi haifiki hapo.

```
ping -M do -s 1392 10.8.0.10
ping -M do -s 1252 10.8.0.10
```

Baiti 28 za vichwa huongezwa juu ya namba hizo, hivyo amri ya kwanza hupima 1420 na ya pili 1280. Ya pili ikijibiwa na ya kwanza isijibiwe, weka `MTU = 1280` katika sehemu ya Interface ya mtumaji na ufungue handaki upya. Unaweza kutafuta namba iliyo kati kwa uangalifu zaidi, lakini kwa kazi ya logi tofauti ya kasi haitaonekana, na mimi huchagua 1280 bila kusita.

Dalili: pakiti inafika ghalani, faili halionekani

Anza kwa `ss -lntup | grep 514`. Kama hakuna jibu, rsyslog haisikilizi. Katika Debian na Ubuntu mistari ya kupakia imudp na imtcp, moduli za kupokea logi kwa UDP na TCP, imo ndani ya /etc/rsyslog.conf ikiwa imefungwa kwa alama ya reli (#), na lazima uifungue mwenyewe. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, rsyslog haiwekwi tena pamoja na mfumo, kwa hiyo faili la mipangilio ulilolinakili kutoka mashine ya zamani linaweza kuwapo bila programu ya kulisoma. Hili huwapata watumaji zaidi kuliko ghala. Kila baada ya mabadiliko endesha `rsyslogd -N1`, ambayo husoma mipangilio na kutaja mstari wenye kosa bila kuigusa huduma inayoendelea.

Kama inasikiliza unapoiwasha kwa mkono lakini haisikilizi baada ya mashine kuwashwa upya, tazama kama umeiambia isikilize kwenye 10.8.0.10 pekee. Uamuzi huo ni mzuri kiusalama, ila rsyslog huamka kabla ya wg0 na kukuta anwani hiyo haipo. Tumia `systemctl edit rsyslog` na uongeze:

```
[Unit]
Wants=wg-quick@wg0.service
After=wg-quick@wg0.service
```

Kama inasikiliza na bado haiandiki, tatizo ni ruhusa. Katika Ubuntu rsyslog hufanya kazi kama mtumiaji anayeitwa syslog, na saraka iliyoundwa na root haitaweza kuiandikia. Aliyehamishia logi kwenye diski kubwa nje ya /var/log anapaswa pia kuangalia `journalctl -k | grep DENIED`, kwa kuwa AppArmor, kinga ya ziada ya mfumo, inaweza kukataa hata pale ambapo ruhusa za kawaida za faili ni sahihi. Katika mifumo ya jamii ya Red Hat, SELinux hufanya kazi hiyo hiyo, na huzuia pia poti zisizo katika orodha yake ya `semanage port -l | grep syslog`. Tafadhali usiizime SELinux ili kumaliza tatizo la poti moja; ongeza poti hiyo kwenye orodha.

Dalili: logi zote zinaonekana kutoka mashine moja

Umeamuru kila mashine iwe na saraka yake ndani ya /var/log/mbali, yenye faili la syslog.log, kwa kutumia %FROMHOST-IP% (anwani ya mtumaji), na zote zimerundikana katika 10.8.0.1. Lango linabadilisha anwani ya mtumaji, kwa sababu sheria ya MASQUERADE imeandikwa bila kutaja kiolesura cha kutokea. Iwekee mipaka ili itumike kwa kiolesura cha intaneti pekee, na pakiti zinazotoka wg0 kurudi wg0 zipite na anwani zake halisi. Dalili hiyo hiyo ikiwa na anwani ya 172.17.0.1 hutokana na Docker, pale ambapo mpokeaji wa logi anaendeshwa ndani ya kontena.

Nikiwa hapo kwenye Docker, kuna mambo mawili ambayo kila mwenye ghala anapaswa kuyajua. La kwanza ni la usalama: poti iliyotangazwa na Docker haizuiwi na sheria za kawaida za ufw, kwa sababu pakiti zake hupita njia ya kupitishwa na si ya kupokelewa na mashine. Mtu anaweza kuamini kwamba ghala lake limefungwa huku poti ya 514, au 3100 ya Loki, ikiwa wazi kwa dunia nzima. Tangaza poti kwa kuifunga kwenye anwani ya handaki, yaani `10.8.0.10:514:514`, au andika sheria zako katika mnyororo wa DOCKER-USER, kisha ulijaribu ghala kutoka nje ya mtandao wako uone kwa macho yako.

La pili ni kwamba kontena kwa kawaida huandika logi katika mafaili ya JSON ndani ya /var/lib/docker/containers, ambako rsyslog haizioni, na mafaili hayo hukua bila kikomo usipoweka `max-size` na `max-file`. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya logi za mfumo kufika na za programu kutofika. Ukichagua `journald` kuwa njia ya logi katika /etc/docker/daemon.json, kontena mpya zitaandika kwenye journal ya mashine (logi inayotunzwa na systemd) na logi hizo zitatumwa pamoja na nyingine. Kontena zilizokuwapo hazibadiliki hata ukiwasha Docker upya, hadi ziundwe tena.

Dalili: logi zinafika zikiwa na mapengo

Swali la kwanza ni kama unatumia UDP. Ukitumia UDP, mapengo ni sehemu ya makubaliano: pakiti ikipotea hakuna atakayeituma tena. Ghalani, `nstat -az UdpRcvbufErrors` itaonyesha idadi ya pakiti zilizotupwa kwa kuwa bafa ilijaa, na moja ya sababu ni rsyslog kungoja DNS ijibu jina la kila anwani inayotuma. Katika mtandao wa ndani usio na DNS ya kurudisha majina, weka `global(net.enableDNS="off")`. Lakini kwa ukweli, kwa logi unazozithamini, hamia TCP.

TCP peke yake haitoshi. Ukiacha mipangilio ya kawaida, muunganisho ukikatika rsyslog hutupa ujumbe ambao ingeutuma, na kwa intaneti yetu ya matawini muunganisho utakatika. Unahitaji foleni inayoweza kumwagikia kwenye diski:

```
action(type="omfwd" target="10.8.0.10" port="514" protocol="tcp"
       template="RSYSLOG_SyslogProtocol23Format"
       queue.type="LinkedList" queue.filename="kwenda_ghala"
       queue.maxDiskSpace="1g" queue.saveOnShutdown="on"
       action.resumeRetryCount="-1")
```

Thamani ya -1 ina maana ya kujaribu bila kuchoka. Usiiweke bila mistari ya foleni iliyo juu yake, kwani bila foleni yake yenyewe kitendo hiki kikikwama kitajaza foleni kuu ya rsyslog na kuzuia hata logi za ndani ya mashine zisiandikwe. Fahamu pia mpaka wa kinga hii: foleni ya LinkedList hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na kuigusa diski pale tu inapoelekea kujaa au huduma inapozimwa kwa utaratibu, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kilichokuwa kwenye kumbukumbu kinapotea. Aina ya Disk ni salama zaidi, ila ni ya polepole na huchosha kadi za SD haraka. Kwa seva ya tawi ningependelea kuweka betri ya akiba kuliko kuandika kila mstari kwenye kadi. Na kwa logi ambazo hata mstari mmoja hauruhusiwi kupotea, kama za miamala ya fedha, tumia omrelp na imrelp, kwa sababu RELP humngoja mpokeaji athibitishe kila ujumbe, jambo ambalo TCP ya kawaida hailitimizi muunganisho unapovunjika katikati.

Mapengo yanayotokea programu moja inapozungumza sana, wakati mtandao ni mzima, kwa kawaida hutoka journald, ambayo kwa msingi huruhusu kila huduma ujumbe 10,000 katika sekunde 30. Tafuta neno `Suppressed` katika `journalctl -u systemd-journald`. Ukilikuta, ongeza kikomo cha huduma hiyo pekee kwa LogRateLimitBurst, baada ya kujiuliza kwanza kwa nini inaandika kiasi hicho.

Dalili: matukio hayalingani kwa saa

Muundo wa zamani wa syslog, ulioandikwa katika RFC 3164 ya mwaka 2001, hubeba mwezi, siku na saa bila mwaka na bila ukanda wa saa. Seva ya kukodi mara nyingi huwekwa kwa UTC, ya Dar es Salaam au Nairobi iko UTC+3, ya Kigali, Bujumbura au Bukavu iko UTC+2, na ya Muscat iko UTC+4. Ukizikusanya kwa muundo huo, tukio moja linaonekana kama matukio kadhaa yaliyopishana kwa saa nzima. Mhasibu wa Dar es Salaam anaposema mfumo ulikwama saa nne asubuhi, wewe unatafuta 10:00, kumbe langoni tukio hilo limeandikwa 07:00.

Kiolezo cha RSYSLOG_SyslogProtocol23Format nilichokiweka hapo juu hutuma kwa muundo wa RFC 5424 wa mwaka 2009, wenye mwaka na tofauti ya UTC. Ghalani nako hakikisha faili linaandikwa kwa RSYSLOG_FileFormat. Kiolezo cha RSYSLOG_TraditionalFileFormat huutupa ukanda wa saa hata kama ulifika. Baada ya hapo endesha `chronyc tracking` kwenye kila mashine. Anayetumia Loki ana sababu zaidi ya kujali: kwa msingi Loki hukataa mstari wenye umri unaozidi saa 168, hivyo mashine iliyoamka na tarehe ya wiki mbili nyuma itakataliwa kila inachotuma.

Dalili: ghala lilifanya kazi vizuri kwa miezi, kisha likasimama

Angalia `df -h`, kisha `df -i`, kwa kuwa mafaili madogo mengi humaliza nafasi za majina kabla ya baiti kuisha. Ukifuta faili kubwa na nafasi isirudi, rsyslog bado imelishika. `lsof +L1` italionyesha, na `systemctl kill -s HUP rsyslog` italiachia. logrotate, inayozungusha na kufuta mafaili ya zamani, inapaswa kuyajua mafaili yako mapya ya /var/log/mbali, kwa sababu mipangilio inayokuja na mfumo inahusu mafaili yake tu. Elasticsearch hujikinga mapema: diski ikifika asilimia 95 huzifanya faharasa zake zisiweze kuandikwa, na mtumaji hupata makosa ilhali nafasi kidogo bado ipo. Panga /var/log/mbali iwe kwenye diski yake yenyewe, ili ikijaa isiuzamishe mfumo mzima.

Kuugundua ukimya kabla hujauhitaji

Kila kilichoelezwa hapo juu kinaanza na mtu kugundua kwamba logi hazifiki, na ugunduzi huo usiachwe kwa bahati. Kwenye kila mtumaji pakia moduli inayoandika alama kila baada ya sekunde 300:

```
module(load="immark" interval="300")
```

Kuanzia hapo mashine isiyo na lolote la kusema bado itatuma mstari wa `-- MARK --`, na ukosefu wake ghalani unakuwa habari yenyewe. Kisha ghalani weka kazi ya cron inayoendesha amri ifuatayo kila baada ya dakika kumi, na matokeo yake, yasipokuwa matupu, yatumwe kwenye simu ya anayehusika kwa njia ambayo haipiti katika handaki hilohilo:

```
find /var/log/mbali -name syslog.log -mmin +15
```

Kila njia ya faili itakayochapishwa ni anwani ya mashine iliyonyamaza kwa zaidi ya dakika 15. Siku utakapoiweka, chomoa waya wa mtandao wa mashine moja, ngoja hadi taarifa ifike kwenye simu, kisha uurudishe na uhakikishe kwamba foleni imeleta ghalani mistari yote iliyoandikwa wakati waya ulipokuwa nje.